UZI: Mwani kwenye tanki la maji ya chumvi huku Nyanda za Juu Kusini. Nianze na dawa gani?

#1 Sokomatola_Chumvi

Habari za saa hizi wakuu. Nina tanki la maji ya chumvi, nipo Mbeya mjini, na mwani umenishinda. Naweka vipimo vyote ili nisijibiwe kwa kubahatisha.

Tanki ni sentimita 100 kwa 50 kwa 45. Ukitoa mawe na mchanga linabaki na maji kama lita 180. Umri miezi minne. Mawe makavu kilo 18, samaki wadogo watano, konokono sita, hakuna matumbawe hai. Joto 25, hidromita inasoma 1.025. Taa zinawaka saa 11 kwa siku, chakula mara mbili. Kila Jumapili natoa lita 36 na kuweka mpya. Maji ni ya bomba, naweka dawa ya kuondoa klorini, na mita ya TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) inasoma 74 tu. Naitreti 10, fosfeti 0.

Kioo na mchanga vina vumbi la kahawia. Nikifuta Jumamosi, Jumatatu limerudi. Mawe yameota nywele za kijani, urefu kama sentimita tatu. Kona ya nyuma pana utando wa rangi ya zambarau wenye vipovu. Dawa ipi ianze?

#2 Kangaja_Uyole

Dawa iache kwanza. Hebu tuitazame ndoo unayojazia maji.

Umetaja maji ya kubadilisha, hukutaja ya kujazia yanapopungua. Tanki lako lina uso wa nusu mita ya mraba, maji ya nyuzi 25, ndani ya chumba ambacho usiku wa Juni na Julai kinashuka hadi 14. Hewa yenyewe kavu. Hapo usishangae kupoteza lita mbili na nusu kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi na kila kilichoyeyuka vinabaki. Kila ndoo ya bomba unayorudishia inaongeza mzigo juu ya mzigo.

Piga hesabu. Lita 2.5 kwa siku ni lita 75 kwa mwezi. Tuseme maji yako yana fosfeti miligramu 0.1 kwa lita, kiasi ambacho kwa kunywa hakina shida yoyote: umeingiza miligramu 7.5, ukigawa kwa lita 180 unapata ongezeko la 0.04. Kiasi hicho peke yake kinatosha kulisha nywele za kijani. Naitreti ya 5 kwenye bomba inakuongezea 2 kila mwezi. Silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo yakiwa yameyeyuka, ndiyo balaa zaidi: ikiwa 30 kwa lita, ndani ya mwezi umeongeza 12.5 kwenye tanki, wakati maji ya juu ya bahari ya kitropiki kwa kawaida hayafikishi hata 1. Hapo sijagusa lita 36 za kila Jumapili, nazo zimechanganywa na maji yaleyale.

Na hiyo fosfeti 0 isikudanganye. Kipimo kinasoma kilichobaki majini, hakisomi kilicholiwa. Tanki lenye nywele za sentimita tatu likisoma sifuri maana yake mwani unaiwahi kabla ya kipimo chako.

#3 Dumu_la_Ishirini

Kangaja, unamtisha mwenzio bure. TDS 74 ni maji laini mno. Visima vya pwani vinasoma mia tisa na zaidi na watu wanafuga. Huku kwetu maji yanatoka mlimani, utayalaumu kwa lipi?

#4 Kangaja_Uyole

Ulaini siukatai mkuu. Ila mita ya TDS haipimi uchafu, inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme halafu inakisia. Silika iliyoyeyuka, kwa pH ya maji ya kawaida, haina chaji ya kupitisha umeme, kwa hiyo mita haiioni. Unaweza kuwa na 74 kwenye skrini na silika ya kutosha kujenga ukuta.

Sasa angalia maji yetu yanapita wapi. Kuanzia Mbeya hadi Tukuyu tumekaa juu ya majivu na mawe ya volkano. Maji yaliyochujwa humo hutoka na silika nyingi kuliko yaliyopita kwenye mawe ya chokaa, hata yakiwa laini. Kisima cha pwani kina TDS kubwa kwa sababu ya chokaa na chumvi, vitu ambavyo tanki la bahari linavyo tayari. Tukilinganisha namba ya mita peke yake tunalinganisha vitu viwili tofauti.

Lile vumbi la kahawia, kama ni diatomu, yaani mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho, linajenga ganda lake kwa silika. Tanki jipya lolote hulipata wiki za mwanzo, linamaliza silika iliyopo, linajifia lenyewe. La mwezi wa nne ambalo bado linarudi kwa siku mbili, kuna mtu analiletea silika kila siku.

#5 Dumu_la_Ishirini

Hapo kwenye mita nimekuelewa. Maji ya kuchemsha je?

#6 Kangaja_Uyole

Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Silika, fosfeti na naitreti vinabaki palepale, na kwa kuwa sehemu ya maji imepaa, kwa lita moja vimezidi. Tena huku juu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ni hasara ya gesi.

#7 Mama_Konokono (Iringa)

Kamweneni wote. Kabla hamjamzamisha kijana kwenye kemia, hajatuthibitishia kwamba lile la kahawia ni diatomu. Kuna dino, yaani dinoflajeleti, vijiumbe vingine vidogo sana, nao ni kahawia na wana vipovu, ila tiba yao ni kinyume kabisa. Ukiwatibu kama diatomu unawalisha.

Fanya hivi mwanangu. Vuta kidogo ya hilo vumbi kwa bomba la sindano, pamoja na maji ya tanki, kama nusu glasi. Tia kwenye chupa ndogo, funika, tikisa kwa nguvu dakika nzima hadi lisambaratike. Chuja kwa karatasi ya jikoni iliyokunjwa mara mbili, upate maji yasiyo na vipande. Weka chupa wazi karibu na taa, usiiguse saa moja. Maji yakibaki na ukungu tu au vumbi likatulia chini, ni diatomu. Yakijikusanya tena na kufanya nyuzi za kamasi zinazoning'inia kama makamasi ya mtoto mwenye mafua, hao ni dino.

Dalili nyingine: dino hupungua sana usiku taa zikizimwa na kurudi mchana, na konokono wanaowala huanza kulegea na kuanguka. Wanapenda tanki ambalo naitreti na fosfeti zote ni sifuri kwelikweli. Kwa hiyo mtu akikuambia punguza chakula, tumia kinyonya fosfeti, ilhali ni dino, amekuharibia.

Ule utando wa zambarau sina shaka nao, hiyo ni sayanobakteria. Inabanduka kama ngozi ya maziwa, na chini yake kuna vipovu. Tunauita mwani kwa mazoea tu, ni bakteria.

#8 Sokomatola_Chumvi

Shikamoo mama. Nimefanya kipimo cha chupa jioni hii. Baada ya saa moja vumbi limetulia chini, hakuna nyuzi. Konokono wote wanatembea.

#9 Mama_Konokono (Iringa)

Marahaba. Basi ni diatomu, Kangaja yuko sawa. Una viumbe vitatu vyenye sababu tatu: kahawia ni silika, nywele ni fosfeti na naitreti zikipewa mwanga mwingi, zambarau ni uchafu uliokaa mahali ambapo maji hayatembei. Ndiyo maana hakuna chupa moja ya dawa itakayokumalizia vyote.

#10 FundiBomba_Tukuyu

Niongelee maji, ndiyo fani yangu.

Suluhisho la kudumu ni mashine ya RO ya chini ya sinki, inayosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando unaozuia madini: kichujio cha vumbi, cha mkaa, utando wenyewe, halafu mwishoni silinda ya resini, punje zinazonasa madini yaliyoponyoka. Huku kwetu mambo mawili huiharibia kazi. La kwanza ni baridi. Utando wa lita 280 kwa siku umepimwa kwa maji ya nyuzi 25. Maji ya bomba ya Julai yakiwa na 15 unapata karibu asilimia 70 tu. La pili ni presha. Utando unataka angalau ba 3.5 hadi 4. Nyumba inayotegemea simtanki lililo juu ya dari la chumba kimoja haipati hata nusu ba, maana kila mita 10 za kimo ni ba 1. Hapo mashine itadondosha matone tu, na mbaya zaidi itapitisha uchafu mwingi kuliko inavyotakiwa. Unganisha kwenye bomba la mtaa moja kwa moja au funga pampu ndogo ya kuongeza presha.

Kwa kila lita moja safi zinatoka tatu hadi nne za kumwaga. Usizimwage, zipeleke kwenye mboga.

Sasa resini. Silika ni kitu cha kwanza kuponyoka resini inapoanza kuchoka, na kama alivyosema Kangaja mita haiioni. Mita ikisoma 0 bado inaweza kuwa inapita. Kwa hiyo ukiona vumbi la kahawia linarudi na mita inasoma 0, badilisha resini, usisubiri 1 wala 2. Wenye maji ya huku wafunge silinda mbili za resini zikifuatana. Ya kwanza ikibadilika rangi itoe, ya pili ihamie nafasi ya kwanza, mpya ikae nyuma.

#11 Sokomatola_Chumvi

RO kwa sasa mfuko hauruhusu mkuu. Hakuna njia nyingine?

#12 FundiBomba_Tukuyu

Zipo mbili.

Maji ya betri, yale ya kuongezea betri za magari. Hayo yameondolewa madini. Kwa lita 2.5 kwa siku yanawezekana, kwa kubadilisha lita 36 kila wiki yatakufilisi. Soma lebo mara mbili: duka lilelile linauza asidi ya betri kwa chupa zinazofanana. Pima kwa mita, yakizidi 5 rudisha. Kisha dondoshea kipimo cha pH cha tanki. Rangi ikikimbilia kwenye asidi kali, usiyatie.

Pili ni mvua. Sisi wa Tukuyu tunaoga nayo. Ila usikinge kwenye bati. Bati letu limepakwa zinki, na zinki inaua konokono na kamba kwa kiasi kidogo sana. Mifereji nayo ina kinyesi cha ndege, ambacho ni fosfeti tupu. Funga turubai safi la plastiki kwenye nguzo nne mbali na miti na paa, katikati liwe na bonde, chini pipa la plastiki lenye mfuniko. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba ziache zote, zinasafisha moshi wa mashamba yaliyochomwa na vumbi la kiangazi. Ikishanyesha mfululizo wiki mbili tatu, acha dakika 20 za mwanzo kila inaponyesha, halafu kinga. Pitisha kwenye mkaa wa kuchujia, funika lisipate mwanga. Pipa mbili za lita 200 zinakuvusha miezi mitano ya kujazia.

#13 Dumu_la_Ishirini

Na wanaoleta maji ya bahari yenyewe kwa basi kutoka Dar?

#14 Kangaja_Uyole

Kilomita mia nane na ushee kubeba madumu, kazi yako. Ukiamua, yachotwe maji yakiwa yamejaa, hasa bamvua, mbali na midomo ya mito na mifereji ya jiji, maana maji ya ufukweni mwa mji yana mbolea ya kutosha. Dumu la plastiki ambalo halijawahi kubeba mafuta wala dawa. Na bado yanakusaidia kwa kubadilisha tu. Ukijazia kwa maji ya bahari, chumvi inapanda kila siku. Kujazia ni maji matamu safi, siku zote.

Wale wa chumvi ya dukani nao: chumvi ya mezani haijengi bahari. Inakosa kalisiamu, magnesiamu na vingine. Chumvi ya akwariamu, takriban gramu 36 kwa lita, changanya kwa pampu usiku mzima, pima ndipo utie.

#15 Njombe_Baridi

Mimi naona mmeruka jambo moja kubwa: zuieni maji yasipae. Kila lita inayogeuka mvuke inaondoka na joto la karibu uniti 0.67 ya umeme, na joto hilo linarudishwa na hita. Lita 2.5 kwa siku ni uniti 1.7 za LUKU kila siku, zinapaa dirishani.

Kata kioo cha milimita 4 kifunike uso wa tanki, acha nafasi ya sentimita 4 nyuma nzima ili hewa ipite, na elekeza mdomo wa pampu moja juu uso wa maji utetemeke. Upotevu unaweza kushuka chini ya nusu. Maji ya kujazia yanapungua, silika inapungua, hita inapumzika.

Hiyo nafasi ya hewa msiizibe. Kwenye mita 1,700 za Mbeya hewa ni kama asilimia 81 ya ile ya pwani. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yanayobeba oksijeni miligramu 6.7 kwa lita kule Dar, hapa yakishiba kabisa yanabeba 5.5. Njombe oksijeni ni ndogo zaidi. Maana yake dozi na mbinu mnazosoma za watu wa usawa wa bahari, hasa za kuua mwani kwa wingi au kuzima taa siku tatu, huku zina hatari zaidi. Mwani ukifa unaoza, ukioza unakula oksijeni, na akiba yetu ni ndogo. Usiue kwa wingi usichoweza kukitoa kwa mkono.

#16 Kangaja_Uyole

Nakazia ya Njombe. Na umeme ukikatika usiku, pampu ndogo ya hewa ya betri na jiwe la hewa viwe karibu. Kwa wenye kichujio cha kopo kilichofungwa: ukizimika saa kadhaa, usikiwashe kirudishe hayo maji kwenye tanki. Yamekwisha oksijeni, bakteria wameanza kufa. Mwaga, suuza sponji kwa maji ya tanki, ndipo uwashe. Wengi wanaona mwani umelipuka wiki moja baada ya umeme kukatika na hawajui ulitoka wapi.

#17 Mama_Konokono (Iringa)

Turudi kwa kijana. Kazi ya mikono, kwa mpangilio huu:

Siku ya kubadilisha maji, zima pampu. Toa jiwe moja moja uliweke kwenye beseni lenye maji uliyoyatoa tankini. Shika nywele na uzizungushe kwenye mswaki mgumu kama unavyozungusha tambi kwenye uma, kisha vuta. Zing'oke na mzizi. Ukisugua tu unakata, na vipande vinakwenda kuota kwingine. Suuza jiwe kwenye beseni la pili, rudisha. Usisugue mawe yote siku moja, theluthi kila wiki, maana juu ya mawe ndiko bakteria wa kusafisha maji wanakoishi.

Ule utando wa zambarau uunyonye kwa mpira mwembamba wa nusu sentimita, taa zikiwa zimewaka saa kadhaa, wakati huo unajitenga vizuri. Halafu geuza pampu ipulize kona hiyo. Bila kubadilisha mkondo wa maji utaunyonya hadi Krismasi.

Taa: kutoka 11 shuka hadi 8, tena huna matumbawe, hata 6 zinatosha. Na kama dirisha linapiga jua kwenye tanki, weka pazia. Jua la huku halina utani.

Chakula: unalisha nini?

#18 Sokomatola_Chumvi

Dagaa wa kukaushwa, nawasaga. Na kamba wa kugandishwa mara mojamoja.

#19 Mama_Konokono (Iringa)

Ndiyo hapo. Dagaa unamsaga na mifupa na magamba, na mfupa ni fosfeti ya kalisiamu. Unga wake hauliwi wote, nusu unaingia mchangani. Wape chakula cha punje, mara moja kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika moja. Kamba wayeyushe kwenye chujio la chai, maji yao yamwage, usiyatie tankini.

#20 Dumu_la_Ishirini

Si aweke tasi tu? Kule Zanzibar wakulima wa mwani wanamlalamikia tasi kila siku. Mlete huku afyeke.

#21 Mama_Konokono (Iringa)

Anafyeka kweli. Lakini tasi wa kitoweo anafika urefu wa zaidi ya sentimita 30, tanki hili ni mita moja. Miiba yake ina sumu, ukisafisha mawe mkono utavimba. Na anachokula anakinya humohumo: mwani umebadilika kuwa naitreti. Aongeze konokono wafike 15, wale wa kulamba mawe, wakishapungua nywele. Nywele ndefu hawazili, wanachunga zilizokatwa. Vumbi la diatomu ndilo chakula chao hasa.

#22 Mfugaji_Mafinga

Nilikuwa nimekaa kimya nasoma. Peroksaidi mbona hamuitaji? Na flukonazoli, ile dawa ya fangasi, kwa nywele sugu?

#23 Kangaja_Uyole

Zinafanya kazi, ila baada ya yote ya juu.

Haidrojeni peroksaidi: inayotakiwa ni ya asilimia 3. Maduka ya dawa mara nyingi yana ya 6, imeandikwa volyumu 20. Hiyo changanya nusu kwa nusu na maji ya betri. Jiwe likiwa nje ya tanki, paka kwenye nywele tu kwa mswaki, subiri dakika 3, litachemka povu, suuza kwenye maji ya tanki, rudisha. Nywele zinapauka siku mbili tatu, konokono wanamalizia. Kuitia tankini moja kwa moja wengine hutumia mililita 1 kwa kila lita 40 kwa siku. Kwa lita 180 ni 4.5. Kamba wa kusafisha samaki wanaumia kwa dozi hiyo, kwa hiyo mimi nabaki na mawe ya nje.

Flukonazoli ni ya Bryopsis, ule mwani wenye umbo la unyoya wa ndege, ambao kupunguza fosfeti hakuutishi. Miligramu 5 kwa lita, yaani kwa lita 180 ni 900, vidonge sita vya 150. Toa mkaa, zima skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) au ondoa kikombe chake lakini acha hewa ipige, wiki mbili hadi tatu. Haigusi diatomu wala sayano. Tazama kwa kioo cha kukuzia kwanza: uzi mmoja mtupu ni nywele za kawaida, uzi wenye matawi pande mbili kama jani la mkangaga ni Bryopsis.

#24 Mfugaji_Mafinga

Na ule wa zambarau, erithromaisini si inaumaliza ndani ya siku tano?

#25 Mfamasia_Kihesa

Hapo nitawapinga. Inaumaliza, na inapunguza pia bakteria wema wa tanki. Amonia inaweza kupanda. Ni antibayotiki ya binadamu, unaimwaga kwenye sinki wiki ileile unapobadilisha maji, na usugu wa dawa unaanzia kwenye mambo kama hayo. Na duka linalokuuzia bila cheti linakosea. Kwa kitu kinachonyonywa kwa mpira na kuzuiwa kwa mkondo wa maji, sioni sababu.

#26 Njombe_Baridi

Naongezea: sayano ikifa yote kwa mpigo, rudi kwenye hesabu yangu ya oksijeni.

#27 FundiBomba_Tukuyu

Wakati RO inasubiri mfuko, mtengenezee mwani shamba lake nje ya tanki. Kifaa cha wavu: maji yanatiririka juu ya wavu wenye mwanga mkali, mwani unaota pale, unavuna na kutupa. Ukivuna umeitoa fosfeti nyumbani kwa mkono wako.

Ukubwa unafuata chakula, hauufuati ujazo wa tanki. Kwa mlo mmoja mdogo kama mchemraba mmoja wa kamba kwa siku, wavu wa sentimita 8 kwa 10 unaomulikwa pande zote mbili unatosha. Mtiririko lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, hivyo pampu ikufikishie lita 400 kwa saa pale juu, baada ya kupanda kimo.

Vifaa: bomba la plastiki la nusu inchi sentimita 14, kofia moja, elbo moja, wavu mgumu wa plastiki, taa mbili za LED nyekundu za kuoteshea mimea za wati 5 hadi 10, kopo la plastiki lisilopitisha mwanga. Kata ufa wa milimita 3 kwenye bomba, urefu wa sentimita 8, kwa msumeno wa chuma. Wavu ukwaruze pande zote kwa meno ya msumeno hadi uwe na manyoya kama ulimi wa ng'ombe. Wavu laini haushiki mwani, ndilo kosa la kwanza la wengi. Uingize kwenye ufa, ubane kwa vibanio vya plastiki. Waya wa chuma au shaba usiguse maji. Taa ziwe sentimita 8 hadi 10 kutoka wavuni, saa 16 kwa siku, ziwake usiku tanki likiwa giza ili pH isishuke sana.

Wiki mbili za kwanza utaona uchafu wa kahawia, usivunjike moyo, suuza kidogo. Kijani kikishika, vuna kila siku 7 hadi 10: toa wavu, kwangua kwa kadi ya simu iliyokwisha, acha utando mwembamba wa kijani kama mbegu. Ukichelewa hadi siku 20, tabaka la chini linakosa mwanga, linaoza, linang'oka na kurudi tankini na kila kilichomo.

#28 Mfugaji_Mafinga

Wavu wa dirishani wa mbu hautafaa?

#29 FundiBomba_Tukuyu

Ule wa alumini hapana kabisa. Wa plastiki matundu yake madogo mno, maji yanabeba mwani juu juu. Tafuta wenye matundu ya milimita 2 hadi 3, kama ule unaowekwa chini ya zulia lisiteleze, lakini uwe plastiki ngumu, usiwe wa mpira.

#30 Sokomatola_Chumvi

Ndagha fijo wote. Nimeandika: kioo cha kufunika kesho, maji ya betri kwa kujazia, taa saa 7, punje badala ya dagaa, mawe sita Jumapili hii. Swali moja: nikianza maji safi leo, vumbi la kahawia litaisha lini? Na nibadilishe maji yote kwa mpigo silika itoke?

#31 Kangaja_Uyole

Yote kwa mpigo hapana, samaki hawatapenda. Na hesabu ya kubadilisha ni ya taratibu: asilimia 20 kila mara inatoa asilimia 20 tu ya iliyopo. Iliyo 40 inakuwa 32, halafu 25.6, halafu 20.5. Kwa hiyo fanya lita 36 mara mbili kwa wiki, wiki tatu, kwa maji yasiyo na silika. Diatomu zenyewe zinasaidia: ukifuta kioo, usiache vumbi lielee, linyonye litoke nje, maana ganda lake lina silika ileile. Kama maji ya kuchanganyia chumvi bado ni ya bomba, usitegemee vumbi kuisha, litapungua tu.

Ukipima, pima maji ya kujazia pia, siyo tanki peke yake. Weka fosfeti na naitreti za ndoo hapa Jumapili tuzione.

#32 Sokomatola_Chumvi

Sawa mkuu. Bomba lilivyo leo: naitreti 5, fosfeti 0.25.

#33 Mama_Konokono (Iringa)

0.25 kwenye ndoo na 0 kwenye tanki. Haya, na hayo mawe yako tutayaona Jumapili. Mswaki uwe mpya, usiwe wa dawa ya meno.